Kompyuta ya steshenari inakula bando usiku, antivairasi inasema iko safi

KoroshoGhafi (Masasi)
Wakuu, mashine ya Windows 10 inamaliza bando bila mtu kuigusa, na barua pepe zetu zinarudishwa kama taka. Msimu huu wa korosho flashi za wateja zinaingia kutwa, mafoda yamegeuka shotikati. Nianzie wapi?

FundiShangani
Mkuu, bando peke yake si ushahidi, hata masasisho ya Windows hulila. Barua kurudishwa ndiko kunanitia shaka ya botineti: mashine inatumwa kazi na mtu wa mbali. Funga brauza, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika netstat -ano, ikuonyeshe mashine inaongea na nani mtandaoni. Mistari mingi ambayo Foreign Address (anwani ya mbali) yake inaishia :25, mlango wa seva kupelekeana barua, ni dalili mbaya, maana programu ya barua ya kawaida hutumia 587 au 465. Zile za :443 ni za tovuti za kawaida, peke yake si ushahidi. Chukua PID, namba ya programu inayofanya kazi, iliyo mwisho wa mstari wa :25, itafute Task Manager, kichupo cha Details.

KoroshoGhafi
:25 zimejaa, PID moja tu. Jina svchost.exe, liko ndani ya AppData, foda la mtumiaji.

FundiShangani
Feki hiyo. Ya kweli hukaa C:\Windows\System32. Sasisha Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, kisha Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka, ikague kabla kirusi hakijaamka. Kikiwa macho hujificha, ndiyo maana ukaguzi wa kawaida ulidanganywa. Ni kama dakika 15, na umeme wetu huu weka UPS (betri ya akiba). Ukimaliza, chomoa intaneti. Kirusi kikirudi, nakili nyaraka tu, usiguse .exe (faili za programu), upige Windows upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye mashine safi. Nenosiri badilisha kwa simu, si hapo.

Bi_Mikindani
Na flashi jamani! Shotikati usiibonyeze: inaamsha kirusi halafu inakufungulia foda usishtuke. Faili za mteja hazijafutwa, zimefichwa tu. Kagua flashi kwa antivairasi kwanza, kisha zifichue kwa kuandika hii kwenye Command Prompt (kama herufi yake ni E):
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
Ndipo ufute .lnk, yaani zile shotikati. Kaunta ifanyie kazi kwenye akaunti isiyo ya msimamizi. Ile Windows iliwashwa kwa krak, programu ya kukwepa leseni? Krak inayodai uzime antivairasi kwanza, mlango umeufungua mwenyewe. Halafu Windows 10 iliacha kupata viraka vya usalama vya bure vya kawaida tangu 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukipiga upya, weka 11 kama mashine inaibeba.