Nyuzi na pini za daraja: kipi hasa kimebadilisha sauti ya galatoni langu?

Mwalimu wa Kwaya, Mafinga

Heshima kwenu ndugu zangu wapiga gitaa. Ninafundisha kwaya ya kigango kimoja huku Mafinga, na chombo chetu pekee ni galatoni, yaani gitaa lisilo la umeme, la nyuzi za chuma ambalo nililinunua Iringa mjini miaka minne iliyopita, likiwa limekwisha kutumika. Mwezi uliopita pini mbili za plastiki za daraja, yaani kile kibao cha juu ya uso wa gitaa ambako mwisho wa nyuzi huingizwa, zilianza kuruka kila nilipokaza nyuzi. Muuza vifaa mmoja akanishauri niziondoe zote sita na kuweka za brasi, akisema kwamba sauti itafunguka. Siku hiyohiyo nilibadilisha pia nyuzi, kwa kuwa zilizokuwapo zilikuwa zimeota kutu. Niliondoa seti inayoanzia 12 ya bronzi ya fosforasi, nikaweka inayoanzia 13 ya bronzi ile inayoandikwa 80/20.

Sauti imebadilika kweli, lakini sivyo nilivyotarajia. Nyuzi nene zinavuma kwa muda mrefu kuliko zamani, ila ninapopiga kwa vidole polepole ili kuwapa waimbaji wa sauti ya pili noti yao ya kuanzia, galatoni linaitikia kwa uzito na halisikiki hadi benchi la nyuma. Uzi wa pili una sauti butu, kana kwamba mtu ameushika kwa kitambaa. Tena nyuzi zimeinuka juu ya shingo kiasi kwamba kubana kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F kunaniumiza kidole.

Naomba kuelimishwa: kati ya nyuzi na pini, ni kipi kimeleta mabadiliko haya? Na je, kuna faida ya kweli katika kutafuta pini za mfupa au za mpingo, au nitakuwa ninatupa fedha za kwaya?

Fundi wa Magitaa, Mbeya

Mwalimu, salamu kutoka Mwanjelwa. Ulibadilisha vitu vitatu kwa siku moja, yaani unene wa nyuzi, madini ya nyuzi na pini, na ndiyo maana sikio lako limeshindwa kuvitenganisha. Acha nianze na nyuzi, kwa sababu huko ndiko iliko sehemu kubwa ya jibu.

Uzi mnene huhitaji kukazwa zaidi ili kufikia noti ileile. Seti inayoanzia 12 hadi 53, ambazo ni sehemu za elfu za inchi, huvuta shingo na daraja kwa nguvu ya takribani kilo 73 ikiwa imetyuniwa kawaida. Seti inayoanzia 13 hadi 56 huvuta kwa takribani kilo 84. Hizo kilo kumi na moja zilizoongezeka zimepinda shingo kidogo na kuuinua uso wa gitaa nyuma ya daraja, na matokeo yake ni huo urefu wa nyuzi unaokuumiza kwenye F. Nyuzi nene zina nguvu zaidi za kuusukuma ubao wa uso, na mpigaji anayecharaza kwa nguvu hupata sauti kubwa, lakini kwa anayedonoa kwa ncha za vidole zinakuwa ngumu kuamsha. Wewe unaongoza waimbaji kwa vidole. Mimi nisingekuwekea 13 hata kidogo.

Madini nayo yana tabia zake. Ile 80/20 ni shaba nyekundu asilimia 80 na zinki asilimia 20, kwa hiyo kwa kweli ni brasi ingawa wauzaji wameizoea kuiita bronzi, na ikiwa mpya huwa na sauti kali inayong'aa, ambayo hupoa mapema jasho likishaingia katikati ya mizunguko. Bronzi ya fosforasi, iliyoanza kutumika kwenye nyuzi za gitaa katika miaka ya 1970, ina shaba takribani asilimia 92, bati, na chembe ya fosforasi. Sauti yake ni ya joto zaidi na hudumu kidogo. Kumbuka pia kwamba ulitoka kwenye nyuzi zenye kutu kwenda kwenye nyuzi mpya. Uchafu na kutu huongeza uzito usio sawa kwenye uzi na kuua mitetemo midogo ya juu, na mtu aliyezoea nyuzi zilizochoka kwa mwaka mzima huona kila seti mpya ni ngeni.

Sasa pini. Watu wengi wanadhani pini ndiyo inayobeba uzi, kama msumari unavyobeba koti. Sivyo. Ndani ya gitaa, chini ya daraja, kumegundishwa kibao chembamba cha mti mgumu. Kile kipete kilichopo mwishoni mwa uzi hutakiwa kuegemea kibao hicho kwa upande wa chini, na kazi ya pini ni kukisukuma kipete pembeni ili kisipate njia ya kurudi juu kupitia tundu. Uzi uliokaa vizuri unavuta kibao, hauvuti pini, na ukiwa umekwisha kukazwa pini hubakia pale bila mzigo mkubwa. Pini ikiruka, ujue kipete kimekaa kwenye ncha yake badala ya kuegemea kibao. Hapo hata pini ya dhahabu ingeruka.

Nina wasiwasi kwamba ndilo lililoupata uzi wako wa pili. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia na tochi ya simu, legeza nyuzi za kati uingize kioo kupitia tundu la sauti, halafu tazama vipete vyote sita. Vinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja, vimebana kibao. Kinachoning'inia, au kilichochimba shimo na kuzama ndani ya mti, ndicho kinachokufisha sauti. Tazama vilevile upande wa juu: kama kipete kimezama sana, ile sehemu ya mwisho wa uzi iliyosokotwa mara mbili hupanda hadi juu ya tandiko, yaani ule ukanda mweupe ambao nyuzi hupita juu yake, na sauti huwa butu jinsi hasa ulivyoieleza.

Kuhusu brasi yenyewe, uzito wake ni takribani mara saba ya plastiki yenye ukubwa uleule. Daraja la mti mgumu huwa na gramu zipatazo 30, nawe ukilipachika pini sita za brasi unakuwa umeliongezea zaidi ya nusu ya uzito wake. Daraja zito hutikisika kwa shida, kwa hiyo noti huanza kwa unyonge lakini hudumu. Hicho ndicho ulichokisikia kwenye nyuzi nene. Jambo la mwisho ni mchongoko wa pini. Zipo za nyuzi 3 na zipo za nyuzi 5, namaanisha nyuzi za pembe, na pini ya mchongoko usiolingana na tundu hugusa shingoni tu au nchani tu. Usizigongee kwa nyundo. Na unapozitoa, ingiza mkono ndani uzisukume kutoka chini kwa ukingo wa sarafu.

Mpiga Solo, Njombe

Naheshimu maelezo ya Fundi, na sehemu kubwa nakubaliana nayo, lakini naomba brasi isihukumiwe moja kwa moja. Gitaa langu lina uso mwembamba na tumbo kubwa, na kwa miaka mingi noti ya A kwenye uzi wa sita ilikuwa ikibweka kwa namna iliyofunika nyingine zote. Niliweka pini za brasi kwenye uzi wa sita na wa tano tu, nikaacha plastiki kwa nyingine nne, na mbweko ule ulitulia. Uzito uliomlemea Mwalimu ndio ulionisaidia mimi. Kwa hiyo ningesema kwamba jibu linategemea gitaa lina upungufu gani kabla ya kuguswa.

Kuhusu mpingo, nimezichonga mwenyewe kutokana na mabaki ya mchongaji niliyoletewa kutoka Tunduru. Mpingo ni ndugu wa baadhi ya miti ambayo viwandani hutumika kwa madaraja na vibao vya shingo, ya jamii moja ya *Dalbergia*, na ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Wazungu wanautengenezea klarineti tangu zamani. Kazi ya kuuchonga si ndogo, kwa sababu unakula tupa na ukiuharakisha unapasuka. Nilitumia siku mbili kupata pini sita zinazokaa sawasawa.

Je, zilibadilisha sauti? Nilikuwa na hakika kwamba ndiyo. Kisha nikamwomba mpwa wangu anifanyie jaribio: mimi nimeketi nimeupa ukuta uso, yeye anabadilisha pini bila kunieleza, nyuzi zikiwa ni zilezile, nami napiga kipande kilekile huku simu ikirekodi kwa umbali wa mita moja. Brasi niliitambua kila mara. Mpingo, mfupa na plastiki sikuweza kuvitofautisha, iwe wakati wa kupiga au niliposikiliza rekodi jioni. Pini za mpingo bado nimeziacha kwenye gitaa, kwa kuwa zinakaa imara na hazichakai shingoni kama plastiki, na kwa kuwa ninazipenda.

Fundi wa Magitaa, Mbeya

Nakubali, kaka, na matumizi yako ya brasi kwenye nyuzi mbili tu ni ya busara. Ningeongeza tu kwamba kama Mwalimu ana fedha ya kitu kimoja, aiweke kwenye tandiko la mfupa kabla ya pini. Uzi hukanyaga tandiko moja kwa moja, na mitetemo yote huingia kwenye daraja kupitia hapo, ilhali pini iko nyuma ya njia hiyo. Magitaa mengi ya bei nafuu huja na tandiko la plastiki lenye uwazi chini yake. Mfupa wa muundi wa ng'ombe unapatikana kwa muuza nyama yeyote. Uchemshe, utoe mafuta yote, uukaushe kwa wiki kadhaa, kisha uusugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka upande wa chini unyooke kabisa. Hapo utasikia tofauti bila kumhitaji mpwa.

Mwalimu wa Kwaya, Mafinga

Nimerudi na majibu. Jumamosi niliingiza kioo kama nilivyoelekezwa, na nilichokiona kilinisikitisha. Vipete vinne vimekaa vizuri. Cha uzi wa pili kilikuwa kinaning'inia kwenye ncha ya pini ya brasi bila kugusa kibao, na tundu la uzi wa sita limechimbika kiasi kwamba kipete kimezama chote ndani ya mti. Bila shaka aliyelimiliki kabla yangu alikuwa akiziingiza pini kwa nguvu.

Nilirudisha pini za plastiki. Kabla ya kuingiza kila uzi niliupinda kidogo karibu na kipete, nikaweka pini kwa kidole tu, kisha nikauvuta uzi juu taratibu hadi nikahisi kipete kimegota. Hakuna pini iliyoruka. Uzi wa pili ulifunguka papo hapo, na nyuzi bado zilikuwa zilezile za 13. Siku ya pili nikaweka seti ya 12 ya fosforasi, na baada ya siku tatu shingo ilikuwa imetulia na F inabanika. Jana waimbaji wa sauti ya pili waliipata noti yao bila kuuliza mara mbili, na mama mmoja anayekaa benchi la nyuma alinifuata kuuliza kama tumenunua gitaa jipya.

Uliobaki ni uzi wa sita, ambao bado una ubutu kwa sababu ya shimo lile. Huku kwetu mbao za msindano kutoka Sao Hill ni rahisi kupata kuliko kitu chochote, na seremala jirani yangu amejitolea kunichongea kiraka cha kugundisha juu ya kile kibao cha ndani. Je, msindano unafaa?

Fundi wa Magitaa, Mbeya

Msindano haufai kwa kazi hiyo, Mwalimu. Ni mti laini, na kipete kitauchimba kabla ya Krismasi. Mwombe seremala akutafutie kipande cha mninga uliokauka vizuri, au kama Mpiga Solo ana baki la mpingo akukatie, kiwe na unene wa milimita 2 na upana unaotosha kufunika matundu yote sita. Mwambie asiongeze unene zaidi ya huo, kwani kibao kizito huulemea uso wa gitaa kama zilivyolilemea daraja pini za brasi. Tumia gundi ya mbao, ubane kwa usiku mzima, kisha utoboe matundu upya kutoka juu kupitia yale ya daraja.

Wakati unasubiri, chukua uzi uliokatika, ukate kipete chake, halafu uupitishe uzi mpya wa sita ndani ya tundu la kipete hicho hadi vipete viwili vifuatane mwishoni. Hicho cha ziada kitajaza shimo, na ile sehemu iliyosokotwa itashuka kutoka juu ya tandiko. Pia, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai huko Mafinga ni kavu na watu huwasha jiko la mkaa chumbani, usiliache galatoni ukutani. Liweke ndani ya mfuko wake pamoja na kiboksi cha sabuni kilichotobolewa, chenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri. Mti ukikauka kupita kiasi uso hushuka, nyuzi zinaanza kugonga freti (vile vyuma vya kukatiza shingo), na utadhani tena kwamba kosa ni la pini.

Mpiga Solo, Njombe

Baki la mpingo ninalo, lina urefu wa sentimita 18 na linatosha. Ijumaa kuna ndugu yangu anapita Mafinga akielekea Iringa. Niandikie ujumbe wa faragha unieleze alipitishie wapi.