Hedhi nzito kwa binti wa miaka 15

MamaBinti: Hedhi inachukua siku 10, pedi inaloa ndani ya saa 2, na mabonge ya damu juu yake. Chanzo ni nini?

Nesi_Pwani: Umri huo mara nyingi yai halipevuki kila mwezi, hivyo ukuta wa mji wa mimba hunenepa kisha hubomoka ovyo. Apimwe ujauzito, wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma mwilini) na thairoidi (tezi ya shingoni). Kama ni nzito tangu hedhi ya kwanza, au hutokwa damu puani na kwenye fizi, ulizia ugonjwa wa von Willebrand, wa kurithi, ambao damu haigandi vizuri. Husahaulika mno!

Mfamasia: Aspirini asiguse, huzidisha kutoka damu. Daktari anaweza kumwandikia asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu ya hedhi, gramu 1 mara 3 kwa siku, siku 4. Haimfai aliyewahi kuganda damu mishipani. Akipewa vidonge vya chuma vya kuongeza damu, asinywe na chai.

Nesi_Pwani: Pedi ikijaa kila saa, au akizimia, hospitali usiku huohuo.