Kampuni kubwa ya migahawa ya kahawa inaweza kuinufaisha jamii vipi, zaidi ya kugawa madawati?

Mshauri_Ushirika

Habari za leo wakuu. Naandaa mapendekezo kwa kampuni yenye migahawa ya kahawa katika miji kadhaa ya Tanzania na Kenya. Wakurugenzi wanataka kutenga fungu la kila mwaka kwa ajili ya jamii, na rasimu waliyonayo ni madawati ya shule, kupanda miti na fulana. Naamini kampuni inayoishi kwa kahawa ina uwezo wa kufanya makubwa kuliko hayo. Wenye kuujua mnyororo mzima, kuanzia shambani hadi kikombeni: pesa hiyo ikienda wapi inabadilisha maisha kweli, na mipango ya namna hii huharibikia wapi?

Kahawa_Safi

Mkuu, anza na namna wanavyonunua, ndipo uje kwenye namna wanavyotoa. Wapigie hesabu hii. Kilo moja ya kahawa safi, yaani buni iliyokobolewa lakini haijakaangwa, ikikaangwa hupoteza kama asilimia 16 ya uzito, inabaki gramu 840. Espreso ya shoti mbili inakula gramu 18, kwa hiyo kilo hiyo inatoa vikombe 46 hivi. Wakiongeza shilingi 2,000 za Tanzania kwa kilo, kila kikombe kinabeba shilingi 43. Weka 50 ukihesabu kahawa inayomwagwa asubuhi wakati wa kurekebisha mashine ya kusagia. Kikombe chenyewe kinauzwa elfu tano na kuendelea. Upande wa mkulima, kilo moja safi imetokana na kilo 6 hivi za matunda mabivu, kwa hiyo anapata zaidi ya shilingi 300 za nyongeza kwa kila kilo ya matunda anayopima kwenye mtambo wa kuchakata kahawa. Sioni dawati litakalofika hapo.

Ila bei nzuri ya msimu mmoja haitoshi. Bei ya arabika kwenye soko la New York ilikuwa chini ya dola 1 kwa ratili (pauni) mwaka 2019, na Februari 2025 ikavuka dola 4. Kwa bei inayoruka hivyo huwezi kupanga ada wala mbolea. Kinachosaidia ni mkataba wa miaka 3 hadi 5 wenye bei ya chini kabisa iliyoandikwa, na soko likipanda mkulima alipwe ya soko. Fairtrade, wenye nembo ya biashara ya haki, ndivyo wanavyofanya: Agosti 2023 bei yao ya chini kwa arabika iliyooshwa iliwekwa dola 1.80 kwa ratili, na juu yake senti 20 za chama cha ushirika cha wakulima. Vilevile chama kikiomba, mnunuzi anatakiwa kuwezesha malipo ya awali ya hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Malipo ya awali watu huyasahau, na ndiyo dawa ya butura. Kule Kagera mtu anauza kahawa ingali mtini kwa sababu miezi ya kabla ya mavuno imemkuta hana hela. Bei anaijua vizuri.

Mshauri_Ushirika

Asante sana mkuu. Sasa nyongeza hiyo ikipitia kwenye chama, mkulima ataiona? Makato yanatisha.

Kahawa_Safi

Hapo ndipo mipango mingi inapofia. Nyongeza ikichanganywa na malipo ya kawaida humezwa na usafiri, ukoboaji, magunia, ushuru na madeni ya zamani ya chama. Itenganishe: iwe malipo ya pili yenye tarehe yake, tuseme siku 30 baada ya mzigo kusafirishwa, ikiingia moja kwa moja kwenye simu ya mkulima. Ubao wa mtamboni uonyeshe bei iliyouzwa, kila kato kwa jina lake, na kinachobaki kwa kilo. Hakikisheni kilo zote ni za aina moja. Bei ikitajwa kwa kahawa safi na makato yakatajwa kwa matunda, hakuna mkulima atakayeweza kukagua.

Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, katika mfumo wao wa kanuni za kununua kahawa uitwao C.A.F.E. Practices, ulioanza mwaka 2004, wanamtaka msambazaji aonyeshe ushahidi wa malipo katika kila hatua hadi kwa mkulima. Hilo igeni. Kisha kampuni ichague majina 20 kwa kubahatisha kila msimu, ilinganishe stakabadhi zao na daftari la chama.

Bwana_Shamba

Naongezea la miche, maana najua mtaifikia. Kugawa miche ni rahisi sana kuliko kuikuza. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Lyamungu wana aina chotara zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na mkulima akizipanda anapunguza gharama kubwa ya kupulizia dawa. Lakini miche ikifika wakati wa kiangazi ili viongozi wapigwe picha, inakufa. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60 yachimbwe mapema, yajazwe udongo wa juu uliochanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, na miche ishuke mvua za kwanza zikishatulia. Iwekewe kivuli cha muda, na matandazo yasiguse shina.

Hata hivyo mkulima mwenye mibuni mizee anaogopa kuikata, kwani itapita kama miaka miwili bila mavuno ya maana. Kampuni igharimie pengo hilo! Akate robo ya shamba kila mwaka, kimo cha sentimita 30 hadi 45, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame, kisha abakize machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Katikati apande maharage.

Na huduma ya ugani isiwe ya wanaoiuzia kampuni peke yao. Vituo vya Starbucks vya kusaidia wakulima, kikiwemo cha Kigali kilichofunguliwa 2009 na cha Mbeya kilichofuata, vinatoa ushauri hata kwa asiyewauzia.

Mama_Bustani

Msisahau waliosimama nyuma ya kaunta. Bima ya afya kwa wafanyakazi wa muda inawezekana. Starbucks waliianza Marekani mwaka 1988. Haki hiyo ikifungwa kwenye idadi ya saa, basi saa za chini ziandikwe kwenye mkataba, la sivyo ratiba ya wiki moja mbaya inaiondoa.

Na machicha ya kahawa, yale masalia baada ya kuipika, yasitupwe. Mgahawa unaotumia kilo 5 za kahawa kwa siku unatoa kama kilo 10 za machicha mabichi. Kwenye mboji yasizidi sehemu moja kwa tano ya rundo, changanyeni na majani makavu, kwa kuwa peke yake hushikamana na kuzuia hewa. Kwa uyoga mamama yatumike ndani ya saa 24, la sivyo ukungu wa kijani unawahi kuingia. Kwa hiyo mkulima wa uyoga awe na ndoo zake zenye mifuniko, abadilishane tupu kwa iliyojaa kila jioni mgahawa unapofungwa.