Re: Kimbunga cha kwanza Houston, nianzie wapi?

Kutoka: mdogo wenu wa Makambako, sasa Houston

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo vipi.

Nimekuja kwa masomo Januari hii. Nimepanga na mwenzangu chumba cha chini kabisa kwenye jengo la ghorofa tatu. Juzi mwenye nyumba kabandika karatasi mlangoni: msimu wa vimbunga umeanza 1 Juni, utaisha 30 Novemba, wapangaji wajiandae. Wajiandae vipi, karatasi haisemi.

Mimi ni mtoto wa Makambako. Upepo naujua, ule wa Julai unaopasua midomo na kuezua mabati ya jirani. Nimesoma kwamba vimbunga vimepangwa daraja 1 mpaka 5, na la 1 linaanzia upepo wa kilomita 119 kwa saa. Hesabu yangu ni hii: kikija cha daraja la 1, nafunga madirisha nalala. Kikija cha 4 au 5, nakimbia. Niko sawa?

Naomba tu msinitume kununua jenereta. Hela ni ya mwanafunzi.

Kutoka: dada wa Tukuyu

Marahaba mdogo wangu. Hauko sawa, na bora umeuliza kabla hujalala.

Daraja linapima upepo, basi. Halikwambii mvua itakuwa kiasi gani, wala bahari itasukumwa nchi kavu mpaka wapi, wala hilo wingu litakaa juu ya paa lako siku ngapi. Na wanaokufa, wengi wanakufa kwa maji. Huko Marekani wana msemo: maji hukimbiwa, upepo hujifichwa. Kwa hiyo ukisikia kimbunga, swali la kwanza lisiwe daraja la ngapi. Uliza, maji yatanikuta wapi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani Tukuyu, nimerudi nyumbani, na mvua inanyesha kama kawaida yake. Lakini miaka kumi na moja nilikaa milimani North Carolina, upande wa Asheville, karibu na mto Swannanoa. Nilipachagua kwa sababu palinikumbusha huku: ukungu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta, vilima vya kijani. Tena nilikuwa nawacheka waliojenga Florida. Nikawa nasema sisi watu wa mlimani kimbunga cha baharini kitatupandia na nini?

Helene ilipiga pwani ya Florida usiku wa Alhamisi, 26 Septemba 2024, ikiwa daraja la 4. Kutoka hapo hadi kwetu ni kama kilomita 600, tuseme Mbeya mpaka Morogoro kwa basi. Ilipotufikia upepo ulishapungua sana. Ila mvua ilikuwa imetangulia tangu Jumatano na ardhi ilishajaa, haikuwa na pa kumeza. Halafu ikaja nyingine juu yake.

Ngoja nikwambie kwa nini mlima hauokoi, maana sisi wa Rungwe tulipaswa kuwa wa kwanza kujua. Tukuyu inapata mvua namna ile kwa sababu hewa ya unyevu inatoka Ziwa Nyasa, inakutana na mlima, inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Kimbunga kimebeba unyevu wa bahari nzima. Kikigonga milima kinafanya kitu hichohicho, ila kinamwaga ya miezi kwa siku mbili. Mto French Broad pale Asheville ulivuka rekodi ya mwaka 1916, ambayo wazee wa pale walikuwa wakiisimulia kama hadithi. North Carolina peke yake walikufa watu zaidi ya 100, na wengi walikuwa huko milimani.

Asubuhi ile ya Ijumaa niliamshwa na sauti. Wala haikuwa ya mvua. Ilikuwa kama lori linalomwaga mawe, halafu haliishi kumwaga. Bibi yangu alitufundisha kando ya Kiwira kwamba mto ukibadili sauti hamna kwenda kuchungulia, mnapanda juu. Ni mawe ya chini yanavingirishwa. Nilichukua mkoba wa hati, nikagonga kwa jirani mzee anayeishi peke yake, tukapanda kilima kwa miguu. Gari niliacha. Saa mbili baadaye pale tulipokuwa tunaegesha palikuwa na tope la rangi ya kahawia, na juu yake linapita friji la mtu, limelala chali, mlango wazi.

Kilichonisumbua zaidi baada ya hapo ni maji ya kutumia. Mabomba makuu yalikuwa yamechukuliwa na mafuriko. Maji ya kunywa ya bomba Asheville yalirudi rasmi 18 Novemba, siku 53. Hesabu mwenyewe. Mimi nilikuwa sikujaza bafu wala ndoo hata moja, mtu niliyekulia kwenye madumu! Tulichota kijitoni maji ya chooni. Wale majirani walikuwa wanabeba ndoo mkononi, inagonga goti, nusu inamwagika njiani. Nikakunja taulo nikatengeneza ngata, ndoo kichwani, na juu ya maji nikaweka mfuniko wa maziwa ya mgando uelee, kama tunavyoweka jani, maji yasiruke. Siku ya tatu kuna mama mmoja akaja kujifunza. Shingo ilimuuma wiki nzima, lakini alijifunza.

Kwa hiyo wewe: utabiri ukisema kimbunga kitafika baada ya siku tatu, jaza bafu na kila chombo. Ya kunywa weka lita 4 kwa mtu kwa siku, angalau za siku tatu, mimi sasa naweka za wiki. Na usidhani haya ni ya Marekani tu. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilishuka Itezi, hapo Mbeya mjini, likafukia nyumba za watu. Machi 2023 kimbunga Freddy kiliua mamia Malawi, wengi pale Blantyre, ambako pia ni milimani.

Kutoka: kaka wa Iringa, Houston

Kamwene wote. Dada kamaliza ya maji, mimi niseme ya karatasi na ya hapa mjini, maana niko hapa tangu kabla ya kimbunga Harvey.

Mdogo wangu, kwanza hiyo hesabu yako ya daraja la 1. Tarehe 8 Julai 2024 Beryl iliingia Texas ikiwa daraja la 1, hilohilo unalotaka kulilalia. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 2 zilikosa umeme, wengine zaidi ya wiki, joto la Julai la Houston ambalo bado hujakutana nalo. Na Harvey ya Agosti 2017 ilitua daraja la 4 kule Rockport, mbali na sisi, ila ilipokuwa inatuzamisha Houston ilishashuka ikawa dhoruba ya kawaida. Ilikaa tu, haiondoki, siku nne. Mji wa Nederland, hapahapa Texas, ulipimwa mvua ya milimita 1,539. Iringa mjini hatupati hiyo kwa mwaka mzima.

Sasa fanya hivi leo, si kesho. Tafuta kanda yako ya kuhama. Hapa zinaitwa Pwani, A, B na C, zinafuata namba ya posta. Kama hauko ndani ya kanda, usikimbie ovyo. Mwaka 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuzamisha New Orleans, watu waliogopa kingine, Rita, wakatoka mji mzima kwa pamoja. Foleni ya zaidi ya saa ishirini kwenye jua, basi lililobeba wazee likawaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Waliokufa katika kuhama walikuwa wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Kama uko ndani ya kanda na oda imetoka, ondoka mapema, mchana, tanki limejaa. Huna gari? Piga 211 ujiandikishe sasa, wakati hakuna kimbunga.

Chumba cha chini: kubaliana leo na mtu wa ghorofa ya tatu kwamba maji yakija mnapanda kwake. Usipande darini. Katrina ilikuta watu darini, hawana pa kutokea.

Bima. Hapa niliumia mwenyewe. Nilikuwa na bima ya mpangaji, nalipa kila mwezi bila kukosa, nikajua niko salama. Baada ya Harvey kampuni ikanisomea sentensi moja: mafuriko hayamo. Godoro, makochi, kompyuta, vyote vikaenda barabarani kwenye lundo na sikupata senti. Bima ya mafuriko inakatwa peke yake, kuna programu ya serikali kuu tangu 1968, na hata mpangaji anaruhusiwa kukatia vitu vyake bila nyumba. Lakini ina siku 30 za kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi. Ukikata kimbunga kikiwa tayari kwenye televisheni, umetoa sadaka.

Wenye viza ya masomo au ya kazi ya muda, sikilizeni. Ile fedha ya FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, si yenu. Ni ya raia, wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi, na wachache wengine. Ila kama una mtoto aliyezaliwa hapa, unaweza kuomba kwa niaba ya mtoto. Na malazi ya dharura, chakula na maji ni vya kila mtu. Msalaba Mwekundu hawakuulizi viza. Nimeona Watanzania wamelala kwenye gari usiku kucha na watoto, wanaogopa kuingia kituoni. Msifanye hivyo jamani.

Pasipoti, karatasi za chuo, cheti cha kuzaliwa: piga picha, tuma kwa barua pepe yako mwenyewe, na zenyewe tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga. Fedha taslimu noti ndogondogo, kwa sababu umeme ukienda kadi ni plastiki tu. Piga picha chumba chako kizima kabla, na kikiharibika piga tena kabla hujatupa chochote.

Jenereta umesema hununui, vizuri, lakini jirani atakuwa nayo. Ikiwekwa kwenye veranda au karibu na dirisha lako, hama. Inatakiwa mita 6 kutoka kwenye nyumba. Moshi wake ni ndugu wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na sisi wa Makete, Njombe na Mafinga tumezika watu kwa hilo. Huamki.

Kuendesha kwenye maji: sentimita 15 zinazokwenda kasi zinamwangusha mtu mzima, 30 zinabeba gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote. Barabara za hapa zinazopita chini ya madaraja ndizo makaburi. Usiku huoni kina. Rudi.

Chakula usijaze friji. Karanga, dagaa, mikate, vya kopo na kifungua kopo chake (watu wanasahau kifungua kopo!). Friji lisipofunguliwa linashika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Kwenye friza gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena, nyama yote tupa.

Kutoka: mama wa Uyole (ananiandikia mjukuu)

Wanangu hamjambo. Nimesomewa yote. Mimi nina langu moja.

Mwanangu wa kiume yuko huko upande wa Florida. Ile Helene, jirani alikuja mbio anasema ameona kwenye taarifa ya habari Marekani inaelea. Nikapiga, haipatikani. Dada yake akapiga, mashemeji wakapiga, kanisani wakapiga. Siku mbili silali. Kumbe yuko mzima, simu yake imeisha chaji kwa sababu ya sisi wote kumpigia!

Sasa tumewekeana utaratibu. Yeye anamtumia mtu mmoja tu huku, dada yake, ujumbe mfupi wa kawaida, si wa WhatsApp, maana anasema huo hupenya hata mtandao ukiwa hafifu. "Mzima, niko mahali fulani." Dada ndiye anatutangazia. Na saa tumepanga: akituma saa nne usiku yake, huku ni alfajiri, mimi nimeshaamka kusali. Wewe mtoto wa Makambako, mama yako anajua atamwuliza nani?

Kutoka: mdogo wenu wa Makambako

Shikamoo mama, na ndaga fijo dada, kaka kamwene sana.

Sikuwa nimemwambia mama chochote. Nimempigia leo, tumekubaliana ujumbe uende kwa kaka yangu wa Njombe, huku saa kumi na mbili jioni, kule saa nane usiku, kaka kasema ataamka.

Namba yangu ya posta haimo kwenye kanda yoyote, kwa hiyo kuhama si lazima, ila kijito kiko mita mia mbili nyuma ya jengo na sikuwahi kukitazama. Leo nimekwenda kukitazama. Kimekauka, kina toroli la dukani limenasa kwenye tawi la mti, juu ya kichwa changu. Nimesimama pale kidogo nikijiuliza limefikaje juu vile, halafu nikaelewa.

Kwa jirani wa ghorofa ya tatu nimegonga na chapati nne. Kakubali.

Nimenunua madumu mawili, tochi, kifungua kopo, mifuko ya plastiki. Bima nimeomba, siku 30 zinahesabika kuanzia leo. Kikombe kiko kwenye friza na sarafu juu. Mwenzangu kakiona asubuhi, kaniuliza kama ni dawa ya kwetu. Nimemwambia ndiyo, asiiguse.