Mjadala: Namba ya floraidi iandikwe kwenye kila kisima, hata kama dawa yake haijapatikana?

Wakuu, wiki iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa Mlima Meru. Kisima cha kitongoji chetu kina miaka 6. Kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji nikaomba kuona majibu ya maabara ya siku kilipochimbwa. Katibu akapekua faili, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo. Floraidi, yale madini ambayo yakizidi kwenye maji yanatia meno ya watoto kahawia: miligramu 7.4 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5, na sasa ndicho kiwango chetu pia. Watu waliokaa pale wamekunywa maji hayo miaka 6 bila kuiona karatasi hiyo.

Simsemi mtu kwamba katia sumu. Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano. Maji yakikaa chini huko yanaiyeyusha taratibu, na kwa kuwa maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo, hakuna cha kuikamata. Ndiyo maana mchimbaji anaweza kupata maji mazuri hapa, akasogea hatua chache tu akakuta mabaya. Kwa macho huioni. Ukichemsha ndiyo unaikoleza, maana maji yanapotea kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani.

Hoja yangu ni hii: kabla hatujabishana kuhusu chujio, kila kisima na kila kioski kipimwe, na namba ipakwe ukutani kwa rangi, kubwa, mtoto wa darasa la tatu aisome. Ikizidi 1.5, mwenye mtoto mdogo ajue kutenga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa. Meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi. Yakichomoza na kahawia yake, hakuna mswaki wa kuyarudisha. Angalieni picha za harusi za kwetu, nusu ya ukoo wanacheka midomo imefungwa.

Nipingeni.

Fundi Pampu: Mkuu, nakupinga. Ukiandika 7.4 ukutani, kesho watu wanarudi mferejini na ndoo zao. Jumuiya inakosa hela ya dizeli, pampu inazimwa, halafu tunaanza kuhesabu wagonjwa wa kuhara. Kuhara kunamaliza mtoto kwa siku mbili, floraidi inachukua miaka. Na usisahau, miaka ya 1970 serikali yenyewe iliruhusu mpaka 8, baadaye ikashuka hadi 4, kwa sababu kwa kiwango cha 1.5 ungefunga visima vingi sana huku. Kisima chenu kingekuwa halali kabisa enzi za baba yako. Namba bila suluhisho ni kumpa mtu hofu akalale nayo.

Binti wa Usa River: Suluhisho lipo muda mrefu, fundi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe miaka na miaka. Kwetu tulikuwa na ndoo mbili, ya juu ina mkaa, ya chini ina koki. Mfupa usipoiva vizuri maji yananuka. Ukizidishiwa moto mpaka ukawa mweupe pee, haushiki floraidi. Na jirani yetu mmoja alikataa katakata mpaka aambiwe mifupa ni ya mnyama gani na kachinjwaje, sikumlaumu. Lakini kilichotushinda ni kwamba mkaa unachoka na hausemi. Mama alichuja mwaka mzima, anajisifu kwa wageni, kumbe mkaa ulishakufa zamani. Hakuna aliyekuja kupima. Kwa hiyo niko na mleta mada: hata chujio linataka namba.

Mzee wa Bomba: Mnazunguka mbuyu. Mjini Arusha mradi wa bilioni 520 ulileta maji ya visima vya Hai, floraidi kidogo. Kwa nini mtu wa kijijini abaki na ndoo ya mifupa? Vuta bomba, changanya, mambo yaishe.

Mleta mada: Mzee wangu, shikamoo. Kuchanganya nakubali, ila piga hesabu: ndoo moja ya maji yenye 6 inahitaji ndoo nne na nusu za maji yenye 0.5 ndipo ufike 1.5. Utachanganyaje kama hujui namba ya huku wala ya kule? Na bomba litafika kwetu mtoto aliyezaliwa leo ameshaota meno yote.

Mama Wawili: Samahani nawaingilia. Mnapima visima tu? Magadi tunayotia kwenye makande nayo yana floraidi, na mtoto anakula tangu anaachishwa ziwa. Mimi niliacha magadi, naloweka maharage usiku kucha. Mama mkwe hajanisamehe mpaka leo.

Fundi Pampu: Hapo kwenye magadi umenigusa, mama. Haya, nalegeza kidogo: andikeni namba, lakini pembeni muandike pia "hayana vijidudu" kama ni kweli, na pa kupata maji ya kunywa. Msiandike 7.4 peke yake mkaondoka.

Mleta mada: Hiyo naichukua, fundi. Kikao ni Jumamosi, na rangi ya bluu imebaki kopo zima kutoka shuleni. Ila katibu kanibana: akiandika 7.4 ya miaka 6 iliyopita naye atakuwa anadanganya, maana huenda imepanda au imeshuka. Kwa hilo ana haki. Aliyepeleka sampuli maabara ya maji siku za karibuni, walimtoza shilingi ngapi?