Mrejesho: Nyumba yangu ya Uingereza imepata mpangaji
Miezi michache iliyopita niliuliza kama mimi, nisiye raia wa Uingereza na ninayeishi nje ya nchi hiyo, ninaweza kupangisha nyumba ninayoimiliki huko bila wakala kunikata sehemu ya pango.

Inawezekana, ila kwa kibali. Mwenye nyumba akikaa nje ya Uingereza miezi 6 au zaidi kwa mwaka, wakala hulazimika kukata asilimia 20 ya pango, baada ya kutoa gharama alizolipia nyumba hiyo, na kuiwasilisha HMRC, mamlaka ya mapato. Pasipo wakala, wajibu huo ni wa mpangaji mwenyewe ikiwa pango linazidi pauni 100 kwa wiki. Nilijaza fomu ya NRL1, nikakubaliwa, na sasa ninapokea pango lote.

Ninasisitiza jambo moja nililolielewa vibaya mwanzoni: kibali hiki hakifuti kodi ya mapato, hivyo bado ninapaswa kuwasilisha ritani ya kila mwaka wa kodi, ambao huisha tarehe 5 Aprili. Benki iliyonikopesha nayo ilitaka niombe ridhaa yake kabla mpangaji hajaingia. Ninawashukuru kwa dhati walionitahadharisha mapema.