Tope la Port Bell lipimwe: tumechoka kupewa majibu ya maji ya juu

Ndugu zangu, sisi wakazi wa Luzira, Kampala, tumelalamikia harufu ya majitaka katika bandari yetu ya Port Bell, kwenye Ziwa Victoria, kwa muda mrefu, na ofisi inayohusika hutujibu vilevile kila mara: sampuli za maji zimechukuliwa, vijidudu havijazidi kiwango, na kama kuna kinyesi, basi ni cha ng'ombe wanaonyweshwa ufukweni. Jibu hilo silikubali.

Bakteria wanaotafutwa katika maji hayo wengi hufa baada ya siku chache, hasa juani, kwa hiyo chupa iliyochotwa asubuhi inaeleza hali ya asubuhi hiyo tu. Ushahidi wa miaka umelala chini, kwenye tope. Bakteria waishio katika utumbo wa binadamu hugeuza kolesteroli kuwa koprostanoli, kemikali isiyoyeyuka kwa urahisi majini, ambayo hunata kwenye chembe za udongo, huzama nazo, na pasipo na oksijeni hudumu muda mrefu sana. Tope likipimwa tabaka kwa tabaka, na umri wa kila tabaka ukijulikana, itaonekana uchafu ulianza kuongezeka lini.

Na hao ng'ombe wasisingiziwe! Kinyesi cha wanyama wala majani huwa na ethilikoprostanoli nyingi zaidi, itokanayo na steroli za mimea (kemikali za jamii ya kolesteroli), hivyo uwiano wa kemikali hizo mbili husaidia kutofautisha choo cha watu na samadi. Watafiti hulinganisha pia koprostanoli na kolestanoli, kemikali ndugu yake ambayo hutokea kwenye tope hata pasipo majitaka: koprostanoli ikizidi 0.7 ya jumla ya hizo mbili, huhesabiwa kuwa dalili ya majitaka ya binadamu.

Mfereji wa Nakivubo hupeleka maji machafu ya Kampala katika Ghuba ya Murchison, ghuba hiyohiyo ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji tunayokunywa, huku sehemu kubwa ya kinamasi kilichokuwa kikiyachuja ikiwa imelimwa magimbi au kujengwa. Katika hali hiyo, kuacha tope bila kupimwa ni kutudharau.

Tunadai sampuli za tope zichukuliwe mdomoni mwa kinamasi, gatini, na mbali ziwani kwa kulinganisha, kisha matokeo yote yatangazwe hadharani, yakiwamo yatakayowaudhi wakubwa. Aliyewahi kudai vipimo hivi kwa maandishi atueleze hapa alijibiwa nini, ili barua yetu ya pamoja isipewe jibu lilelile.